Ukoo na Zizi: Kitabu cha Kumfundisha Kijana Kutengeneza Programu za Kompyuta

Watafiti wa mifugo wa Mpwapwa walianza miaka ya 1940 kuchanganya damu ya zebu wetu wa asili na ya Sahiwal, Red Sindhi na Boran, wakaongeza kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, ili wapate ng'ombe wa maziwa na nyama anayevumilia ukame wa nyanda za kati. Ng'ombe huyo ndiye aina ya Mpwapwa. Namtumia kila ninapomweleza kijana maana ya klasi.

Klasi ni maelezo ya ukoo. Ukishaandika mara moja kwamba ng'ombe ana uzito, umri na namba ya hereni, huna haja ya kuyarudia kwa kila aina: unaandika ng'ombe wa maziwa anayerithi yote hayo, kisha unaongeza lita za asubuhi na za jioni. Maktaba ya klasi ni mkusanyiko wa koo zilizokwisha kutengenezwa na wengine: dirisha, kitufe, menyu, jedwali. Kwa Qt, maktaba ambayo Wanorwei Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walianza kuijenga mwaka 1991, kitufe cha kawaida kinaitwa QPushButton. Kinarithi QAbstractButton, inayorithi QWidget, inayorithi QObject. Wewe unaandika tofauti tu.

Mfano wa ng'ombe una mpaka wake. Damu ya Mpwapwa imetoka pande nyingi, na lugha ya C++ nayo inaruhusu klasi kuwa na wazazi kadhaa, lakini Qt haikubali klasi irithi QObject kwa njia mbili.

Linalowakwamisha wengi ni neno "mzazi". Katika vitabu vya kufundisha maktaba hizi lina maana mbili, na kitabu kisichozitenganisha mapema humchosha msomaji bure. Mzazi wa kwanza ni wa ukoo, kama nilivyoeleza. Wa pili ni zizi. Ukitengeneza kitufe cha "Hifadhi" ukakikabidhi kwa dirisha la fomu, dirisha hilo huitwa mzazi wake, ingawa kitufe hakikurithi chochote kutoka kwake. Kimelazwa humo tu. Dirisha likifutwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, vyote vilivyolala ndani yake vinafutwa pamoja nalo. Kitufe kisicho na zizi, ukikionyesha, hutokea peke yake kama dirisha dogo, na mwanafunzi hushinda akitafuta kosa mahali pasipo na kosa.

Ndiyo maana kitabu cha Jasmin Blanchette na Mark Summerfield, "C++ GUI Programming with Qt 4", bado nakipendekeza, ingawa toleo lake la pili ni la mwaka 2008. Kinaeleza habari ya zizi mapema, kisha kinamjenga msomaji kwa programu moja ya majedwali inayokua sura hadi sura. Anayetumia Python atafute cha Summerfield peke yake cha mwaka 2007. Asiye na fedha ya kitabu anaweza kupakua bila malipo kitabu cha mwaka 2005 cha Julian Smart na wenzake kuhusu wxWidgets, maktaba iliyoanzishwa Edinburgh mwaka 1992. Faili lake linaenea kwenye flashi, na likishaingia kwenye kompyuta halidai bando.

Uzee wa kitabu una gharama yake, afadhali uijue kabla. Qt 5 ilipotoka Desemba 2012, madirisha na vitufe vilihamishiwa moduli ya QtWidgets, kwa hiyo mifano ya Qt 4 inagoma hadi ubadilishe mistari ya mwanzo ya faili na kuongeza neno "widgets" kwenye faili la mradi. Qt 6 ya Desemba 2020 nayo imeondoa QRegExp kwenye moduli za msingi, nafasi yake imeshikwa na QRegularExpression. Cha Python kiliandikwa enzi za Python 2, hivyo hata amri ya kuchapisha maneno itakataa mpaka uweke mabano. Marekebisho haya ni ya siku mbili tatu. Mawazo ya ukoo, zizi, na ishara zinazotumwa na kitufe kinapobofywa hayajabadilika.

Usiishie kwenye mifano ya kitabu. Chukua daftari la maziwa la jirani yako ulifanye programu: fomu moja, jedwali moja, na kanzidata ya SQLite, ambayo ni faili moja tu lisilohitaji seva wala intaneti. Mtandao ukikatika, mfugaji anaendelea kuandika lita zake.

Na uiandike kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Menyu zimewezekana, kinachobaki ni kitabu cha kumfundisha mtengenezaji kwa lugha hiyo hiyo. Walimu wa programu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine, tuandikieni, hata kurasa 60 tu, na sura ya kwanza iwe ya ukoo na zizi.