Lwamgasa au Rwamgasa: kuifundisha hifadhidata kutafuta Kiswahili

Tuchukue daftari la karani wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo: "Mawe ya Lwamgasa, viroba 12, yamekwenda karashani," yaani kwenye mashine ya kusaga mawe. Ukurasa wa pili, mwandiko wa mtu mwingine, pameandikwa Rwamgasa. Ni mahali palepale mkoani Geita, ila huku kwetu l na r hubadilishana kiti. Daftari likishaingizwa kwenye kompyuta, anayetafuta Rwamgasa haoni vile viroba 12, na mwenye mawe anaonekana hana mali.

Wengi hukimbilia kufunga mtambo wa pili wa kutafutia. Mara nyingi hauhitajiki. PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali isiyolipiwa, ina injini ya kutafutia ndani yake tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008. Ukishaiundia faharasa, kila rekodi inapoingia injini huchambua maneno yake na kuyapanga humo, kama kwenye faharasa ya mwisho wa kitabu: neno, kisha rekodi lilimo. Hivyo haipekui jedwali zima kila unapouliza.

Shida ni lugha. Maneno ya Kiingereza mengi hubadilika mkiani, na injini imefundishwa kukata mkia. Kiswahili hubadilika zaidi kichwani: mchimbaji, wachimbaji, uchimbaji, walichimba. PostgreSQL haiji na kanuni za kunyambua Kiswahili, na ukiiachia za Kiingereza itakata pasipostahili. Chagua mpangilio usiokata neno, kisha uipe orodha fupi ya maneno ya kurukwa: na, ya, wa, kwa.

Halafu washa kiongezi cha pg_trgm, ambacho ndicho tegemeo langu kwa data za migodini. Hulikata neno vipande vya herufi tatu tatu, nafasi tupu za mwanzo na mwisho zikihesabiwa. Rwamgasa hutoa vipande 9, Lwamgasa 9. Vya pamoja ni 6, vyote kwa jumla 12, basi ufanano ni 0.5. Kiwango cha kawaida cha kukubali ni 0.3, kwa hiyo viroba vinaonekana. Mchimbaji na wachimbaji nao hupata 0.5. Safu inayotafutwa iwekee faharasa ya GIN ya vipande hivyo, la sivyo utafutaji utakuwa mzito rekodi zikiongezeka.

Ndugu mwandaaji wa mifumo Kahama, Shinyanga au Geita, usisahihishe tahajia ya karani. Ihifadhi ilivyo, na jina sanifu liweke kwenye safu yake pembeni. Siku ya mgogoro wa mawe, kinachoombwa ni maandishi ya daftari.