Sigara ya Rejareja na Ubongo wa Mtoto

Ijapokuwa wazazi na waalimu wengi hudhani ya kuwa mwanafunzi wa miaka 13 avutaye tumbako ana utundu tu, nao utundu dawa yake ni nasaha na bakora, elimu ya tiba imebainisha jambo zito zaidi: moshi ukishavutwa, nikotini huufikia ubongo kabla ya nusu dakika kwisha, ikaamsha dopamini iletayo raha, na kwa kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo makao ya hadhari na kujizuia, haikamiliki mpaka umri wa miaka ishirini na kitu, mtoto hunaswa upesi kuliko mtu mzima. Huko Massachusetts, Marekani, wanafunzi wa miaka 12 na 13 walipochunguzwa, baadhi yao walionekana na dalili za utumwa huo wiki chache tu tangu kuanza kuvuta, nao hawajafikia hata kuvuta kila siku.

Je, masomo ya darasani yatatosha? Natamani yangetosha. Katika jimbo la Washington, wilaya 40 za shule ziligawanywa kwa kura, nusu zikapewa mafunzo makini ya kuikataa sigara kuanzia darasa la tatu, nusu zikaachwa na desturi zao, na watoto zaidi ya 8,000 wakafuatiliwa hata baada ya kuhitimu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2000, makundi mawili yale hayakuwa na tofauti ya maana.

Kinachomzuia kijana, ambaye mfuko wake ni mwepesi, ni bei. Ndiyo maana kodi ya tumbako humgusa yeye kuliko baba yake. Lakini sigara ikiuzwa moja moja kibandani, kando ya peremende na kalamu, kodi ile humfikia kwa sarafu chache, wala halioni onyo lililochapwa kwenye pakiti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, ikakataza pia rejareja hiyo, na bado yafanyika mchana kweupe.

Simlaumu sana mwenye kibanda, kwani faida hiyo ndogo huenda ndiyo ilishayo watoto wake mwenyewe. Nawalaumu watoao leseni, ambao wangeweza tangu mwaka huu kuweka sharti kwamba kibanda kilicho karibu na lango la shule kisiuze tumbako kabisa, nao wakaguzi wakapita saa wanafunzi watokapo.