Wakifukuzwa Waende Wapi? Heroini na Jiji la Zürich

Mwishoni mwa miaka ya 1980, abiria aliyeshuka katika stesheni kuu ya reli ya Zürich, Uswisi, alikuwa hatua chache tu kutoka Platzspitz, bustani ya zamani iliyopo pale mito ya Limmat na Sihl inapokutana. Humo, mchana kweupe, mamia ya watu walikuwa wakijidunga heroini. Siku nyingine walifika maelfu. Waliokosa pa kulala walilala humo humo, kwenye tope lililojaa sindano zilizotumika.

Zürich si jiji kubwa. Wakati huo lilikuwa na wakazi wapatao 360,000, wachache kwa mbali kuliko wa Mombasa ya leo, na lilikuwa miongoni mwa miji tajiri kabisa duniani. Fedha hazikulikinga. Mwaka 1985 daktari mkuu wa jimbo alipiga marufuku kuwagawia waraibu sindano safi, kwa hoja kwamba kuwapa ni kuwachochea. Mamia ya madaktari walitangaza kuwa hawatatii, na marufuku ikaondolewa mwaka uliofuata. Hata hivyo virusi vya UKIMWI vilikuwa vimekwisha kupenya kupitia sindano za kuazimana. Ndipo wahudumu wa afya wakaongozwa na daktari Peter Grob kuweka kituo ndani ya bustani: wakigawa sindano, wakichanja homa ya ini, na kuwarudishia pumzi waliozimia kwa kuzidisha dozi.

Februari 1992 mageti yalifungwa na polisi wakaisafisha bustani. Lakini watu wale hawakuyeyuka. Walitapakaa kwenye ngazi za majumba na vichochoro vya mitaa ya jirani, kisha wakakusanyika Letten, stesheni iliyoachwa pembezoni mwa mto Limmat. Biashara ya unga ikawa ya kikatili zaidi. Kwa miaka mitatu wakazi waliopewa ahadi ya usafi waliishi na kero ile ile, sasa ikiwa mlangoni mwao.

Sababu yake inafahamika vizuri kitabibu. Mraibu wa heroini akikosa dozi kwa saa kadhaa hupatwa na arosto: mwili unauma, tumbo linasokota, jasho na baridi vinapokezana, usingizi hauji. Kumfukuza hakuondoi haja hiyo, kunaihamisha tu. Na asiye na chumba hana pa kuificha. Mwenye chumba akijidunga, majirani wanaweza wasijue kwa miaka. Anayelala barazani hujidunga mbele ya watoto wanaokwenda shule. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho wakazi hukiita tatizo la dawa za kulevya hadharani ni tatizo la makazi, na mji usiolikubali hilo utaendelea kulipa askari wa kuzungusha watu wale wale.

Letten nayo ilifungwa, Februari 1995, na safari hii haikuzaliwa nyingine. Polisi walikuwepo tena, tena kwa wingi. Tofauti ni kwamba palikuwa na mahali pa kwenda. Ilikuwa imekwisha kubainika kwamba wengi wa waliokusanyika pale hawakuwa wakazi wa Zürich, hivyo walirudishwa kwenye miji yao, nayo ikalazimika kuwahudumia. Waliobaki walikuta vitanda, methadoni (dawa ya kunywa inayozuia arosto), na vituo vyenye vyumba ambamo mtu hutumia dawa aliyokuja nayo, kwa sindano safi, muuguzi akiwa karibu. Mji wa Bern ulikuwa umefungua chumba cha namna hiyo tangu 1986, cha kwanza duniani.

Hatua iliyozua ubishi mkubwa ilianza 1994: kuwapa heroini ya hospitali wagonjwa walioshindikana kwa tiba nyingine, wadungwe au wajidunge mbele ya muuguzi. Masharti ni makali: umri usiopungua miaka 18, uraibu wa angalau miaka 2, na kushindwa tiba angalau mara mbili. Mwaka 2008 wananchi walipigia kura sheria ya kuidumisha tiba hiyo, na asilimia 68 wakaikubali. Wapo waliohofia kwamba huruma ingewavuta vijana. Utafiti uliochapishwa 2006 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa watumiaji wapya wa heroini katika jimbo la Zürich walishuka kutoka 850 mwaka 1990 hadi 150 mwaka 2002. Heroini ikawa ugonjwa wa kupangia foleni zahanati, na vijana hawakuutamani.

Kazi hii haiishi. Mwaka 2022 kituo kimoja cha watumiaji katikati ya jiji la Zürich kilifungwa. Kiangazi kilichofuata wavutaji wa kreki, yaani kokeini ya kuvuta, walijaa katika bustani ya Bäckeranlage. Jiji lilifungua kituo cha muda kabla mwaka 2023 haujaisha.

Pwani yetu ina msingi wa kuanzia. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, na Malindi ikapata kliniki yake 2015. Kwa kawaida dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na hapo ndipo maskini hukwama: anayelala maskani, yaani kwenye vijiwe vya watumiaji, asiye na nauli, hukosa siku moja, arosto inamrudisha kwenye kete. Basi halmashauri inapopanga operesheni ya kusafisha maskani, madiwani wadai majibu kwa maandishi kabla ya askari kupanda gari: vitanda vipo vingapi, kliniki iko umbali gani, na nauli ya kila asubuhi italipwa na nani.