Maji hupita wapi? Wamama tuseme kabla ya mvua



Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, teritware ya Kalehe. Mvua kali ilinyesha milimani, mito ikajaa, na maji yakashuka na mawe na matope mpaka Nyamukubi na Bushushu, kando ya Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa. Miaka mitatu mbele ya hapo, Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira.

Mvua haitumwi na burgumestri wala Mwami. Lakini mahali pa kuweka soko, kiwanja cha kujenga na mlima wa kukatwa miti, hayo huamuliwa na watu. Dunia inapozidi joto, hewa hubeba maji mengi zaidi, na mvua kubwa za ghafla huongezeka. Kwa hiyo uamuzi mbaya wa leo utatuumiza zaidi kesho.

Sheria ya mwaka 2008 inazipa miji, komini, sekta na sheferi uongozi wao na bajeti yao. Basi kujiandaa si kazi ya Kinshasa peke yake. Mpango wa komini unahitaji mambo manne:

1. Kujua maji yanapita wapi. Wazee wanakumbuka njia za zamani za mto. Wamama wanaolima bondeni na kuchota maji wanajua ukingo gani unamomonyoka. Waitwe, wasikilizwe, na iandikwe.

2. Kutotoa tena viwanja katika njia hiyo. Waliokwisha kujenga wapewe kwanza mahali pengine pa kukaa, karibu na shamba au soko lao. Ukimwambia mama "hama" bila kumwonyesha pa kwenda, atarudi palepale.

3. Tahadhari. Watu wa juu mlimani huona maji kwanza. Nani atapiga simu? Huku chini nani atapiga filimbi, hata usiku? Watoto, wagonjwa na wazee watakimbilia wapi?

4. Makuta. Kusafisha mifereji, kupanda miti mlimani na kuimarisha kingo kuna bei. Salongo inasaidia, lakini jambo lisiloandikwa katika bajeti linabaki maneno.

Huku kwetu Kivu mvua hurudi Septemba. Kiangazi ndicho wakati wa kuzibua mifereji na wa kuuliza. Kila kikundi kichague wamama wawili waende kwa chefu wa avenyu, kisha komini, na maswali haya: ramani ya maji iko wapi? Nani anatoa tahadhari? Bajeti imeweka kiasi gani? Majibu tuyalete mkutanoni, tuyasome mbele ya wote. Na pasipo na jibu, turudi tena kuuliza, tukiwa wengi zaidi.