Sonona Baada ya Kujifungua Ina Tiba

Mama anapojifungua, homoni za estrojeni na projesteroni, zilizokuwa juu wakati wa ujauzito, hushuka ghafla ndani ya siku chache. Ndiyo maana wazazi wengi hulia bila sababu katika juma la kwanza, na kwa kawaida hali hiyo huisha kabla ya wiki mbili. Ikizidi hapo, mama akakosa usingizi hata mtoto alalapo, au akashikwa na hofu isiyokwisha na kujiona hafai, huenda hiyo ikawa sonona. Ni ugonjwa; si uvivu, si deko, wala si kurogwa.

Mahali pa kulisema jambo hili ni kliniki ya mama na mtoto, katika mahudhurio ya siku ya 7, ya 28 na ya 42, ambayo baadhi ya familia huyadhania kuwa ni ya kupima mtoto tu. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kupelekwa Mirembe, jina ambalo mitaani limegeuzwa tusi. Hofu hiyo haina msingi: wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa bila kulazwa.

Baadhi huhitaji ushauri nasaha pekee. Wengine huongezewa dawa. Dawa hizi hazitulizi siku hiyohiyo kama za maumivu. Nafuu huchukua wiki 2 hadi 6, ilhali kichefuchefu au kinywa kukauka huweza kuanza mapema, na hapo ndipo wengine huziacha. Hata baada ya kupona, huendelezwa kwa angalau miezi 6, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Anayenyonyesha aseme, kwani zipo zinazomfaa, mojawapo ikiwa setralini.

Mama anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja, hata usiku.