Singeli ya Harusini na Adabu ya Kuunganisha Nyimbo

Katika kata ya Kasingirima mjini Kigoma, kama ilivyo Ujiji yote, harusi haina kabila moja. Waha, Wamanyema na Wabwari ambao wazee wao walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo, pamoja na wageni walioletwa na reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, wote hukaa chini ya turubai moja. Mchana Kiswahili huwakutanisha. Usiku wa sherehe kazi hiyo hushikwa na muziki. Kwa hiyo DJ wa mtaani amebeba wajibu mkubwa kuliko watu wanavyomdhania.

Zamani wajibu huo ulikuwa wa wapiga ngoma. Kabla ya kuingia uwanjani waliipasha ngoma moto hadi ngozi ikaze, sauti ya ngoma kubwa ipatane na ya ndogo. Kiongozi wao ndiye aliyejua wakati wa kupandisha mwendo na wakati wa kuwapa wachezaji pumzi. Leo ngoma iko ndani ya laptopu, lakini haki za mchezaji hazijabadilika.

Muziki unaompima DJ zaidi ni singeli. Ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, kutokana na mchiriku na vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso, na wapenzi wa tekno huko Ulaya wakaanza kuusikiliza kwa makini. Tekno nyingi huenda mapigo 120 hadi 150 kwa dakika. Singeli kwa kawaida hupita 200, na nyingine hukaribia 300. Kwa kasi hiyo, biti mbili zikipishana hata kidogo, miguu ya uwanja mzima hupotea.

Kwa hiyo DJ fundi huanza na hesabu ya mwendo. Wimbo wa mapigo 120 unakaa vizuri na singeli ya 240, kwa kuwa pigo moja la huku hubeba mawili ya kule. Hivyo mama mtu mzima hucheza taratibu na kijana akakata kiuno kwa kasi, wote wakiwa ndani ya mdundo mmoja.

Baada ya mwendo huja kii, yaani ngazi ya sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Kuongeza kasi kwa takriban asilimia 6 hupandisha sauti nusu toni. Ukizidisha kasi mara mbili, sauti hupanda oktavu nzima. Ndiyo sababu mwimbaji wa taarabu ndani ya singeli husikika kama mtoto. Programu za kuchanganya muziki zina kitufe cha kufunga kii ili kasi ipande na sauti ibaki. Pia hupanga kii zote 24 katika duara, kwa namba 1 hadi 12 na herufi A au B. Nyimbo za 8A na 9A ni majirani: zina sauti sita za pamoja kati ya saba za kila kii, basi kinanda cha wimbo huu hakigombani na cha ule. Zikiwa mbali mno, fundi hupitia kwenye ngoma tupu isiyo na kinanda wala mwimbaji, ndipo aingize wimbo mpya.

Ufundi huu wote hupata maana wakati wa kutuza. Ndugu husogea wakicheza, noti mkononi, na kila mmoja anastahili zamu yake mbele ya maharusi. DJ akibadili wimbo ghafla wakati shangazi yupo katikati ya uwanja, amemvunjia heshima mbele ya ukoo. DJ mwenye adabu hurudisha kipande kilekile cha mapigo manane, akizungusha hadi wa mwisho atuze, ndipo afungue mlango wa wimbo unaofuata.

Nawasihi vijana wetu wanaojifunza mikseri: kompyuta itawaonyesha namba, lakini haitawaambia nani hajatuza. Kabla ya kuwasha spika, nendeni kwa wazee wa pande zote mbili, mkaulize nani atacheza nini na kwa zamu ipi. Mwendo na kii mvipange kwa kufuata majibu yao. Mkifanya hivyo mtakuwa mmerithi kiti cha mpiga ngoma kwa haki.