Nyumba ya Zamani ya Bei Nafuu Mjini: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kutoa Pesa

Nyumba ya zamani ya Majengo, Bondeni, Kibokoni au Mwembe Tayari bado ni njia mojawapo ya mkaazi wa kipato cha kawaida kupata makao yake mwenyewe kisiwani Mombasa. Msikiti, shule na soko viko karibu, na wengi huenda kazini kwa miguu. Mara nyingi nyumba yenyewe ina vyumba kadhaa, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele, na pengine wapangaji wawili watatu ambao kodi yao itamsaidia mnunuzi kubeba gharama. Bei nayo huonekana ya kuvutia ukiilinganisha na nyumba mpya.

Bei ikiwa nafuu, ina sababu. Sababu nyingine hutengenezeka kwa fundi na saruji. Nyingine hazitengenezeki hata ukiwa na pesa. Wanunuzi wengi huanza kwa kugonga kuta na kutazama paa. Ushauri wetu ni kuanza na karatasi, kwa kuwa hapa Pwani mtu aweza kununua nyumba imara kabisa, kisha akaipoteza bila ukuta hata mmoja kupasuka.

Je, unauziwa nyumba peke yake, au nyumba na ardhi yake?

Hili ndilo swali la kwanza, na liulizwe kwa maneno hayo hayo. Katika mitaa yetu ya zamani kuna desturi ya nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi alimruhusu mtu kujenga juu ya kiwanja chake, naye mjenzi akawa analipa kodi ya kiwanja kila mwezi au kila mwaka. Nyumba hiyo hurithiwa, hukodishwa na huuzwa, hata mara tatu au nne, lakini ardhi hubaki ya mwenyewe. Kwa kawaida sheria huchukulia kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi hiyo. Desturi ya Pwani imekwenda njia yake, na mahakama zimelazimika kuishughulikia mara kwa mara.

Kutambuliwa kwa desturi hakumaanishi kwamba mwenye nyumba ana usalama. Yeye yupo pale kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Ardhi ikiuzwa, mmiliki mpya aweza kukitaka kiwanja chake, akatoa notisi, na mwenye nyumba akaambiwa achukue vifaa vyake aondoke. Nyumba ya mawe na udongo ikibomolewa, utachukua nini? Mabati, milango, na boriti chache ambazo hazijaliwa na mchwa.

Utaitambuaje nyumba ya namna hii? Muuzaji hana hatimiliki. Anakuonyesha mkataba wa mauziano wa miaka iliyopita uliotiwa saini mbele ya wazee wa mtaa, pamoja na risiti za kodi ya kiwanja. Risiti hizo ni muhimu, lakini zinathibitisha kwamba ardhi ni ya mtu mwingine. Basi mtafute mtu huyo, au wakala wake, kabla ya kulipa chochote. Muulize kama anakubali kukutambua wewe, kama muuzaji ana malimbikizo ya kodi, kama kodi itapanda, kama anatoza ada ya kubadilisha jina, na kama ana mpango wa kukiuza kiwanja. Majibu yake yaandikwe na kutiwa saini. Akikataa kuandika, hilo nalo ni jibu.

Hatusemi kwamba nyumba bila ardhi isinunuliwe. Familia nyingi za mji huu zimelea watoto ndani ya nyumba hizo. Tunachosema ni kwamba unanunua miaka ya kukaa, hununui mali ya kudumu, na bei ifuate hesabu hiyo. Benki haitaipokea kama dhamana ya mkopo. Kuweka akiba yako yote humo, au kuongeza ghorofa juu yake, ni kucheza kamari na pesa za watoto.

Muuzaji akisema ardhi imo, omba nambari ya kiwanja na ufanye upekuzi rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi, au kupitia mfumo wa Ardhisasa pale ambapo rekodi zimeingizwa. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa kiwanja, na kama kuna rehani au zuio. Ufanye mara mbili: kabla ya kutoa malipo ya kwanza, na tena kabla ya kumaliza, kwa kuwa zuio laweza kuwekwa katikati ya wiki hizo.

Jina likiwa la marehemu, simama hapo. Sheria ya Urithi hairuhusu mtu kuuza mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa na kuthibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Kwa familia za Kiislamu, jambo hilo huweza kushughulikiwa na Mahakama ya Kadhi. Ndugu anayeshika funguo na kukusanya kodi si lazima awe mwenye nyumba, na dada yake aliyeolewa Lamu ana fungu lake. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, mke au mume wa muuzaji lazima akubali mauzo. Ardhi ya wakfu haiuzwi. Ukisikia neno hilo mtaani, ulizia kwa Tume ya Wakfu. Kadhalika, mpangaji wa nyumba ya kaunti hana nyumba ya kuuza, hata kama wazazi wake waliingia humo enzi za Manispaa.

Chukua pia mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni. Katika mitaa iliyosongamana, jiko la uani au nusu ya baraza huweza kuwa juu ya njia ya umma au ndani ya kiwanja cha jirani. Kisha omba cheti cha Kaunti kinachoonyesha kwamba kiwanja hakidaiwi reti. Deni la reti hufuata ardhi. Likiwa la miaka kumi na wewe ukanunua, limekuwa lako.

Mwili wa nyumba

Karatasi zikikaa sawa, nenda ukaione nyumba mara mbili: mchana wa jua, na siku ya mvua ya masika ikiwezekana. Mvua ya nusu saa itakuonyesha mengi kuliko dalali atakavyokueleza kwa wiki nzima. Tazama maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, na kama barabara imeinuliwa hadi kizingiti cha mlango kikawa chini yake.

Kuta za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, au kwa fito, udongo na mawe. Kuta hizo hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa taratibu. Mtu akizipiga lipu ya saruji kwa nia ya kuziimarisha, unyevu hufungiwa ndani, na chumvi huanza kusukuma lipu hiyo nje. Angalia sehemu ya chini ya ukuta, kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Ukiona unga mweupe, rangi inayobambuka, au rangi mbichi iliyopakwa hapo tu na si kwingine, jua kuna kinachofichwa. Chokaa ndiyo dawa yake, na si kila fundi wa siku hizi anaijua kazi ya chokaa. Muulize kwanza.

Sakafu za juu na dari za nyumba nyingi za mawe zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Boriti huoza kwanza pale kichwa chake kinapoingia ukutani, mahali jicho halifiki. Ichome kwa ncha ya kisu karibu na ukuta. Ikiingia kama kwenye mhogo wa kuchemsha, boriti hiyo imekwisha. Dari iliyolegea katikati, vumbi laini sakafuni na njia za udongo ukutani ni dalili za uzito uliozidi au mchwa.

Ufa mwembamba wa lipu si jambo la kukunyima usingizi. Ufa unaopita kwenye jiwe lenyewe, ulio mpana juu kuliko chini, au unaoonekana ndani na nje ya ukuta ule ule, ni habari nyingine. Huenda msingi unazama. Chora mstari wa penseli kukatisha ufa huo, andika tarehe, urudi baada ya wiki chache.

Hatari kubwa zaidi ni ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi uliokusudiwa nyumba ya chini. Hapo macho hayatoshi. Omba ramani iliyoidhinishwa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka idhini ya Kaunti kabla ya ujenzi, na ghorofa isiyo na idhini yaweza kuamriwa ibomolewe hata ikiwa mikononi mwa mmiliki mpya. Kwenye nyumba za zege zilizo karibu na bahari, tafuta madoa ya kutu na zege linalobanduka kuonyesha vyuma. Kutu hufura ndani na kulipasua zege, kwa hiyo kuziba kwa saruji bila kusafisha chuma ni kuahirisha tu. Mlipe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya aje atazame. Ni pesa, ndiyo, lakini ni kidogo kuliko kuanguka kwa sakafu.

Kuhusu stima, nyaya kuukuu na tawi la waya lililotolewa kwa jirani ni mambo ya kubadilishwa, na gharama yake iingie kwenye mapatano ya bei. Choo ndicho husahaulika. Uliza kama nyumba imeunganishwa na bomba la maji taka au inatumia shimo. Ikiwa ni shimo, liko wapi, na gari la kunyonya linafikaje kwenye kichochoro? Kisima cha uani kilicho hatua chache kutoka shimo la choo, lako au la jirani, ni cha kufulia tu, maji yake yakionekana safi namna gani. Paa likiwa la asbesto, usimwite fundi wa mtaani kulivunja; kazi hiyo ni ya walioidhinishwa na NEMA.

Nyumba ikiwa katika eneo la hifadhi la Mji wa Kale, mlango wa nakshi na roshani si vya kubadilisha utakavyo. Pata kwanza idhini kupitia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Wapangaji na hesabu

Wapangaji hawaondoki kwa sababu nyumba imeuzwa. Hasa mwenye duka la mbele: akiwa hana mkataba wa maandishi, au mkataba wake hauzidi miaka 5, sheria inamlinda. Lazima apewe notisi rasmi ya miezi isiyopungua 2, naye anaweza kuipinga katika baraza la kodi za biashara. Zungumza nao kabla ya kununua. Watakueleza pia paa linavuja wapi.

Ikiwa nyumba na ardhi yake ni shilingi 3,000,000, ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 120,000, na huo hulipwa na mnunuzi. Ongeza wakili, mpima, mhandisi na matengenezo. Muuzaji naye hulipa ushuru wa asilimia 15 kwa faida aliyopata, na baadhi yao huomba bei ndogo iandikwe kwenye mkataba ili wapunguziwe. Kataa. Mbali na kuwa kosa, mauzo yakivunjika utaweza kudai kile tu kilichoandikwa.

Mkataba uwe wa maandishi, wenye saini za pande zote na shahidi. Malipo ya kwanza, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, yawekwe kwenye akaunti ya wakili na si mkononi mwa dalali. Siku ya kukabidhiwa funguo, someni mita za maji na stima pamoja na muuzaji, mzipige picha, na bili zilizobaki zikatwe kwenye malipo ya mwisho.